Umeme wa Bure wa Mama Swichi

Injinia hakuwa injinia. Hilo tulimalize mapema ili tusisumbuane. Chuo alichosoma ni vibaraza vya mafundi, alikokaa na kuwasikiliza wakigombana, na cheti chake kilikuwa miwani ya kioo kitupu aliyoivaa kila alipotaka kuaminiwa. Jina alijipa mwenyewe, akalitumia kwa bidii mpaka hata waliojua ukweli wakachoka kubishana naye.

Siku hiyo alikuwa amekaa kwa fundi cherehani, amejifunga shuka, akisubiri suruali yake itiwe kiraka mahali ambapo muungwana hapataji. Mara pasi ikazimika mkononi mwa fundi. Redio ya chumba cha pili nayo ikanyamaza katikati ya sentensi. Vyumba vyote vilivyouzunguka ua vikawa kimya kwa pamoja.

"Umeme umekatika?" Injinia aliuliza.

"Haujakatika," fundi alisema, akiweka pasi chini kwa hasira ya mtu aliyezoea. "Umekatwa."

Kutoka dirisha la kwanza, lile lenye nondo nene kuliko za mahabusu, sauti ya kike ikatoka: "Nani anapiga pasi? Si nilisema pasi ni Jumamosi? Mita inakimbia huku kama inafukuzwa!"

Huyo ndiye aliyekuwa mwenye nyumba. Wapangaji walimwita Mama Swichi kwa sababu swichi kuu ya nyumba nzima ilikuwa chumbani kwake, kando ya kitanda, na inasemekana alilala mkono mmoja ukiwa karibu nayo. Alikuwa mjane mwenye nyumba kubwa, macho makali na mkono wa birika. Mita ya umeme aliitembelea asubuhi na jioni, akaisemesha, na mara nyingine akaikemea.

"Ningepata mimi umeme usio na bili," sauti iliendelea kulalamika kule ndani, "hata siku moja tu kabla sijafa, ningelala usingizi."

Injinia alisikia. Watu wengine wakisikia mjane akilalamika huona huruma. Injinia aliona mlango. Aliuona kweli, maana ulikuwa mbele yake, ng'ambo ya ua: vyumba viwili vya mbele, dirisha linaloangalia barabara, mlango wa mbao uliopakwa rangi ya kijani, na kufuli juu yake.

"Vile viko wazi?" aliuliza.

"Havina mtu tangu mwalimu ahame. Mama anasubiri mpangaji asiyetumia umeme."

"Yupo mpangaji wa hivyo?"

"Labda marehemu," fundi alisema, akamrushia suruali.

Sasa, msomaji anayedhani Injinia alikuwa mwizi wa kawaida anamwonea. Mwizi huwa na pa kulala. Injinia, mwanamume mzima mwenye mvi mbili tatu alizokuwa akizing'oa, alikuwa akilala stoo nyuma ya nyumba ya dada yake, katikati ya magunia ya vitunguu ambavyo dada alikuwa akiuza. Nguo zake zilinuka vitunguu, ndoto zake zilinuka vitunguu, na watoto wa dada walimwita Mjomba Gunia bila ubaya wowote, kama vile ndilo jina lake. Alicheka nao. Kisha akiwa peke yake aliona aibu, aibu ile inayokaa tumboni kama chakula kilichokataa kusagika.

Na stoo yenyewe ilikuwa mbioni kumtoka. Shemeji yake, dereva wa malori ya safari ndefu, alikuwa anarudi mwisho wa mwezi, na salamu zake zilikuwa fupi: asimkute.

Njia ya kufungua mlango wa kijani Injinia aliipata kwenye simu. Zamani kidogo aliwahi kuona video ya mzungu mmoja mwenye ndevu, amesimama gerejini, akizungusha gurudumu la baiskeli lililobandikwa sumaku. Gurudumu likaendelea kuzunguka lenyewe, na pembeni betri ikawa inajichaji. Bando lilikwisha kabla video haijafika mwisho, kwa hiyo Injinia hakuwahi kujua kama mashine ile ilifaulu au ilishindwa. Hakuona kama hilo lilikuwa muhimu.

Mashine yake aliijenga mle stoo, kati ya magunia. Gurudumu alilitoa kwenye baiskeli ya shemeji, jambo ambalo halikumsaidia hapo baadaye. Sumaku alizing'oa kwenye spika mbovu, akazipanga kwenye ringi, zote zikitazama nje kwa upande mmoja. Waya wa shaba aliufungua kwenye pampu iliyoungua, akausokota kuwa koili. Akaweka transista, akaweka betri moja ya kuliendesha gurudumu na betri nyingine ya kuchajiwa, na katikati akatia kile kitufe cha kuzungusha kinachopandisha sauti ya redio. Akalisukuma gurudumu kwa kidole.

Likasimama.

Akazungusha kitufe kidogo, akasukuma tena. Likarukaruka kama lina kwikwi, transista ikapata moto mpaka ikamuunguza kidole. Akarudisha kitufe nyuma. Likafa. Akasogeza mbele unywele mmoja. Alifanya hivyo siku nzima, akisahau kula, ulimi nje kama mtoto anayejifunza kuandika. Kisha ikatokea: kila sumaku ilipopita mbele ya koili ikapata teke moja tu, teke safi, na gurudumu likaanza kuongeza mwendo huku mita ndogo ya mkononi ya kupimia umeme ikionyesha kwamba linakula umeme kidogo kuliko mwanzo. Likawa linavuma taratibu. Injinia akakaa chini juu ya gunia akalitazama. Kwa mara ya kwanza katika maisha yake alikuwa ametengeneza kitu badala ya kukisimulia, na furaha aliyoipata ilimtisha.

Dada akaingia kuchukua vitunguu.

"Hilo nalo nini?"

"Mashine ya umeme, dada. Inachaji betri."

"Huo umeme unatoka wapi?"

"Kwenye betri."

"Unakwenda wapi?"

"Kwenye betri."

Dada alilitazama gurudumu kwa muda. "Kwa hiyo unachota maji ndoo hii unamimina ndoo hii."

"Dada, maneno hayo usiyaseme mbele za watu. Utaniharibia."

Na dada alikuwa amesema kweli, Injinia alijua. Mashine ilikula zaidi ya ilivyotapika. Lakini ilikuwa na kipaji kimoja: ukichukua betri kuukuu iliyokufa, ukaifunga pale, namba kwenye mita zilipanda mbio, kumi na mbili, kumi na tatu, kumi na nne, mpaka mtazamaji akataka kupiga makofi. Ukiifungia betri hiyo taa, taa ilizimika kabla hujamaliza kujisifu. Siri ya biashara, basi, ilikuwa kuonyesha mita na kutoonyesha taa, au taa ionyeshwe kwa betri nyingine, iliyojaa, iliyofichwa ndani ya sanduku.

"Mwisho wa mwezi unakuja," dada alisema akiwa mlangoni, kapu la vitunguu kiunoni. "Nimekutetea mpaka maneno yameniisha. Tafuta pa kulala, mdogo wangu. Nakuomba." Hakusema kwa ukali, na hilo ndilo lililouma.

Maonyesho yalifanyika uani kwa Mama Swichi, mchana kweupe, mbele ya wapangaji wote waliokuwa nyumbani. Injinia alivaa miwani na koti. Chini ya gurudumu kulikuwa na sanduku la mbao lililopigiliwa misumari pande zote, ambalo alilitaja kama kitovu cha sumaku na kuomba lisiguswe kwa usalama wa wanawake na watoto. Akalisukuma gurudumu kwa kidole kimoja, polepole, kama askofu anayebariki. Likavuma. Namba zikapanda. Taa ikawaka.

"Inatumia nini?" Mama Swichi aliuliza. Alikuwa amesimama karibu mno, mikono nyuma.

"Sumaku, Mama."

"Petroli?"

"Hapana."

"Jua?"

"Hata kwenye giza la pango inafanya kazi. Sumaku haina bili, Mama."

"Haina bili," Mama Swichi alirudia taratibu, na macho yakamlegea. Injinia aliyaona macho hayo akajisemea kimoyomoyo: samaki kaingia. Tumsamehe. Mtu anayevaa miwani ya kioo kitupu hukosea kutazama.

"Na pasi?" fundi cherehani aliuliza kutoka nyuma.

"Pasi inaiudhi sumaku," Injinia alijibu bila kugeuka.

"Bei yake?" Mama aliuliza.

Hapo Injinia akavua miwani, akaifuta, akatazama mbali. "Sitaki hela, Mama." Wapangaji wakaguna, hakuna aliyewahi kusikia maneno hayo katika ua ule. "Mwanasayansi anachotaka ni mahali tulivu pa utafiti. Vile vyumba viwili vya mbele, bila kodi, ninyi mkae na mwanga wenu maisha."

"Na nani ataichunga?"

"Mimi mwenyewe. Mashine hii ni mwanangu. Kuna mtu humtupa mwanawe?"

Fundi cherehani, aliyekuwa na ushahidi kwamba wapo, alikohoa.

Mama Swichi akawaza. Kisha akasema kwa sauti ya kusikika mpaka barabarani: "Basi na isikike hapa hapa, mbele ya hawa. Gurudumu hili litawasha nyumba yangu mpaka mwisho wa mwezi. Nazima swichi kuu leo hii, na mita yangu isisogee hata unywele. Tukifika salama, ufunguo ni wako, na vyumba ni vyako maadamu gurudumu linazunguka. Nikikaa gizani mara moja tu, wewe na baiskeli yako mnatoka."

"Mama," Injinia alisema, mkono kifuani, "hujui jinsi ulivyofanya vyema."

"Betri nitakuletea mimi. Unataka ngapi?"

"Nne. Mbili za kazi, mbili za kupumzika. Betri nazo huchoka." Alikaribia kucheka. Tapeli gani tena hupata bahati ya kuletewa vifaa na anayetapeliwa?

Hesabu ya Injinia ilikuwa nyepesi. Mashine ingekaa kwenye kibanda kilichokuwa nyuma ya nyumba, kilichokuwa na mlango wa kutokea uchochoroni, na funguo angeshika yeye kwa sababu za kisayansi. Gurudumu lingezunguka kwa ajili ya macho. Nyumba ingewaka kwa betri zilizojaa, na zikiisha angezipeleka mahali zikachajiwe, akaleta zile nyingine. Kwa siku chache tu! Mtu akishapewa ufunguo, akaingiza kitanda, akatundika koti, kumtoa ni kesi. Mashine ingeweza kufa siku hiyo hiyo, na yeye angelia msibani kuliko wote.

Mahali pa kuchaji alipapata mtaa wa tatu. Kilikuwa kibanda cha mabati chenye paneli za jua juu ya paa na betri zimepangwa chini kwenye mbao, nyaya zikipita huku na huku, harufu ya tindikali ikikwaruza koo. Mwenyewe alikuwa mzee mkimya, shati lake limejaa vitundu vya tindikali, mkono mmoja kiunoni kama mtu anayeushikilia mgongo usianguke. Watu walimwita Mzee Chaji.

"Nitalipa mwisho wa mwezi," Injinia alisema baada ya kushusha betri kutoka kwenye toroli, pumzi zimemwishia.

Mzee Chaji aliinama, akazigeuza betri moja moja, akazitazama kitako. "Za nani?"

"Za mteja wangu. Mtu mkubwa. Siruhusiwi kumtaja."

"Mm," alisema Mzee Chaji. Alikuwa na namna yake ya kusema mm. "Mwisho wa mwezi ni mbali. Mikono unayo?"

Injinia aliitazama mikono yake.

Ndivyo alivyoanza kazi. Neno hilo tuliandike kwa heshima, kwa kuwa alikuwa amelikwepa tangu ujana, kwa werevu na kwa gharama kubwa. Kila asubuhi alisugua vichwa vya betri kwa brashi na maji ya moto yenye magadi, akajaza maji ya betri, akainua betri za wateja kutoka chini kuzipeleka juu na kutoka juu kuzirudisha chini. Koti la maonyesho likapata vitundu. Mchana Mama Swichi alipokwenda kujinyoosha baada ya chakula, Injinia alipita uchochoroni na toroli lililofunikwa pazia kuukuu, akatoa betri zilizochoka, akaweka zilizojaa, akarudi na zilizochoka. Kisha akaingia kibandani kulisawazisha gurudumu, maana nalo lilikuwa na madeko yake, likikaa vibaya linapata kwikwi na nyumba nzima inasikia.

"Injinia, hicho kizito ni nini?" fundi cherehani alimuuliza siku moja uchochoroni.

"Mchanga. Wa kupozea sumaku."

"Kila siku?"

"Sumaku zina joto."

"Wewe ndiye una joto," fundi alisema, akimtazama jasho.

Lakini taa ziliwaka. Mama Swichi alizima swichi kuu kama alivyoahidi, na mita ikalala. Kila jioni alikwenda kuiangalia, akarudi akitabasamu, akauliza kwa upole: "Injinia, mashine ina nafasi ya televisheni?"

Je, angesema haina? Televisheni ikaja. Baada ya siku chache likaja friji, kubwa, lenye milango miwili, na Injinia alipoliona likishushwa alianza kuhesabu betri kwa vidole.

"Mama, friji lina kiu sana."

"Mwanangu, si ulisema maisha? Kama betri hazitoshi sema tu. Nitaleta nyingine." Na akaleta, papo hapo, bila kunung'unika. Injinia akajiambia kwamba mkono wa birika umefunguka, kwamba hakuna mwanamke bahili mbele ya ulimi wake. Huku akijisifu hivyo alikuwa akipanda kilima na toroli mara mbili kwa siku, kisha tatu, na usingizi wa mchana wa Mama Swichi, kwa bahati ya ajabu, ukawa unarefuka kadiri mzigo ulivyoongezeka.

Friji halikukaa bure. Dirishani kwa Mama kukaanza kuuzwa maji baridi na barafu. Kisha simu za mtaa mzima zikaanza kuletwa kuchajiwa. Wapangaji walipouliza kama basi mchango wa umeme umefutwa, Mama Swichi aliwatazama kwa mshangao. "Umeme ni wa bure kwangu," alisema. "Kwenu ni wa siku zote."

Siku moja nusura mambo yaharibike. Injinia alikuwa amefungua nyaya zote, gurudumu limesimama, betri mbili ziko mlangoni, na Mama Swichi akatokea kibandani bila kishindo.

"Limekufa?"

"Ninalisawazisha, Mama!" Injinia aliruka mbele ya betri, akatandaza koti. "Ukiliacha bila kulisawazisha linapoteza adabu."

Badala ya kuondoka, Mama akavuta kigoda akakaa. Ikabidi alisawazishe kweli. Akafunga nyaya, akasukuma, akasikiliza. Kitufe mbele, kitufe nyuma, kidole kwenye transista kupima joto. Akasahau kwamba anatazamwa. Gurudumu likashika mwendo, kwikwi zikaisha, likavuma.

"Leo linaimba vizuri," Mama Swichi alisema.

"Linataka kusikilizwa tu," Injinia alisema, akashangaa kwamba hilo halikuwa uongo.

Mama alimtazama mikono, yale malengelenge na kucha zilizokatika. "Umekonda, Injinia. Unakula?"

"Sayansi hunishibisha."

Jioni hiyo alimletea sahani ya chakula, imefunikwa. Injinia alikula akiwa kibandani, na katikati ya kula roho ikamsuta kidogo. Alimeza tonge kubwa, roho ikanyamaza.

Mwisho wa mwezi ukafika. Injinia hakuwahi kusubiri siku kwa moyo kama ule. Alinyoa, akang'oa mvi, akakung'uta koti ambalo sasa lilikuwa na vitundu vingi kuliko kitambaa. Shemeji alikuwa njiani. Dada alipiga simu asubuhi kusema lori limeshavuka daraja. Lakini nani alikuwa na hofu? Uani wapangaji walikuwa wamekusanyika, taa zote zimewashwa mchana kwa ajili ya sherehe, friji linanguruma, gurudumu limeletwa nje kwa heshima kamili. Mama Swichi alitoka na ufunguo mkononi, umefungwa utepe.

"Nisubirini kidogo," alisema. "Mdogo wangu anakuja kula nasi."

Na kwenye lango la ua akaingia Mzee Chaji, amevaa shati safi, mkono mmoja kiunoni.

"Karibu, mdogo wangu," Mama Swichi alisema.

"Nimekaribia, dada," alisema Mzee Chaji, akakaa kwenye kiti kilichoandaliwa. Akampungia Injinia mkono, kama mwajiri anavyompungia mfanyakazi anayemridhisha.

Injinia alitafuta maneno. Maneno, yaliyomlisha maisha yake yote, siku hiyo hayakumtambua.

"Huyu ni ndugu yangu, tumbo moja," Mama Swichi aliwaeleza wapangaji. "Ile chaji ya mtaa wa tatu ni yetu wawili, tuliachiwa na baba yetu. Betri zote hizi zimetoka pale. Injinia alipokwenda nazo mara ya kwanza, mdogo wangu alizitambua kwa kuzigeuza tu. Alikuja hapa akacheka mpaka nikampa maji."

"Mm," Mzee Chaji alithibitisha.

Ua ukalipuka kwa kicheko. Fundi cherehani alishika ukuta. "Mchanga!" alikuwa akipiga kelele. "Mchanga wa kupozea sumaku!"

"Mama," Injinia alisema, "kumbe ulijua?"

"Nilijua pale pale uliposema haina bili. Mimi na mita tumekaa pamoja miaka mingi kuliko nilivyokaa na marehemu. Kitu kisicho na bili sijakiona bado."

"Sasa kwa nini hukunifukuza?"

"Nikufukuze, nina wazimu? Mdogo wangu mgongo umekufa, hawezi tena kuinua kitu. Pale juu ya paa kuna jua la bure kutwa nzima, umeme unamwagika, na hapa mimi nalipa bili. Kila mtu tuliyemtafuta wa kusukuma toroli alitaka mshahara, na siku ya tatu hatokei. Ukaja wewe, na koti, unataka kubeba kwa siri, bila kulipwa, na unaomba radhi ukichelewa!" Alicheka sasa, kicheko kizito cha mtu asiyecheka mara nyingi. "Hilo gurudumu zuri, mwanangu, ninalipenda. Lakini mashine ni wewe."

Injinia akavua miwani. Alikuwa amewaingiza mjini watu wengi, matajiri kwa maskini, na kila mara alijiuliza wanajisikiaje baadaye, kwa udadisi tu. Sasa alijua. Masikio yalikuwa ya moto, miguu ya baridi, na mwili mzima ulitaka kuwa mahali pengine.

"Naondoka," alisema.

Simu ikalia mfukoni. Alikuwa dada. Akaipokea kwa sababu hakuwa na kingine cha kufanya na mikono yake.

"Shemeji yako kafika," dada alisema, akinong'ona. "Ameulizia baiskeli. Godoro lako nimelipeleka kwa jirani, lakini nao wanasema ni la usiku mmoja tu. Mdogo wangu, umepata pa kulala?"

Kila mtu alisikia, maana simu ya Injinia ilikuwa ya zile zinazotangaza.

Mama Swichi alinyoosha mkono wenye ufunguo. "Ahadi ni ahadi," alisema. "Nilisema mbele ya hawa: vyumba ni vyako maadamu gurudumu linazunguka. Mimi si tapeli."

Injinia alitazama lango. Alitazama mlango wa kijani. Mikono ilimuuma, mgongo ulimuuma, na heshima ilimuuma kuliko vyote viwili. Alimchukia mama yule kwa moyo wote, kwa muda wa kama pumzi mbili.

"Nimepata, dada," alisema kwenye simu.

"Wapi?"

"Kwangu."

Dada alianza kulia, akamshukuru Mungu, akamuuliza ni kazi gani hiyo yenye nyumba. Injinia akasema ni mambo ya umeme, akakata. Akachukua ufunguo. Mzee Chaji akamkumbusha kwamba kesho kuna betri za basi zinakuja, nzito, awahi.

Vyumba vilikuwa vitupu na visafi. Mwanga uliingia kwa dirisha la barabarani ukakaa sakafuni. Havikunuka chochote. Injinia akafunga mlango, akauzungusha ufunguo, akaufungua, akaufunga tena. Kisha akasimama katikati ya chumba bila kujua asimame upande gani, kwa kuwa pote palikuwa pake. Alikuwa amelaghaiwa na bibi wa watu, mchana kweupe, mbele ya mashahidi, na alikuwa na furaha, na furaha hiyo ilimtia hasira upya.

Kule uani friji likakohoa, likakatika. Nyayo zikaja mpaka mlangoni kwake, zikasimama.

"Hodi!"

Injinia hakujibu mara moja. Kule stoo mtu aliingia tu, akachota vitunguu, akairuka miguu ya Injinia akatoka. Hapakuwa na mtu aliyewahi kusimama nje akangoja ruhusa yake.

"Hodi, Injinia! Friji limezima!"

Akangoja kidogo tena, ili aisikie mara ya tatu. Mama Swichi akaipiga ya tatu, kwa ukali, akigonga ubao kwa ngumi.

"Karibu, Mama," Injinia alisema, akafungua mlango wake, akatoka kwenda kubeba betri.